Bendera ya Sulisuli

Mimi ndiye niliyepandisha bendera. Nimelikana jambo hili tangu nina meno ya utoto. Nililikana mbele ya mama yangu na mbele ya mjomba wangu. Nililikana mbele ya mwalimu wa chuo aliyekuwa akitueleza moto wa Jahanamu kana kwamba ametoka huko asubuhi ile. Na mara moja, nikiwa mtu mzima mwenye shahada mbili na miwani, nililikana mbele ya harusi nzima huku nimeshika sahani ya biriani. Kukana kulikuwa kipaji changu. Wengine walijaliwa sauti ya kusoma Kurani, wengine mkono wa kupaka hina. Mimi nilijaliwa uso ambao ukiulizwa swali hutulia kama maji ya mtungini.

Mwaka huu tumemzika mama. Matanga yalipokwisha tulikaa, mimi na dada zangu, tukagawana vitu vyake, nami nikapata cherehani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kusafiri na chuma kile. Nilipovuta mtoto wa meza yake ilinijia harufu ya mafuta ya mashine iliyochanganyika na chaki, na chini ya vibiringo vya uzi nikakuta kitambaa cha buluu kilichoshonewa samaki mweupe mwenye pua ndefu. Nikakaa chini sakafuni. Dada zangu walidhani namlilia mama, na kweli nilikuwa namlilia. Lakini nilikuwa nacheka pia, na mambo hayo mawili yakitoka kwa pamoja sauti yake haipendezi. Wakaniletea maji.

Sisi ni watu wa Shela, kisiwani Lamu. Ukipanda juu ya nyumba yetu unaiona Ras Kitau ng'ambo ya mlango wa bahari, upande wa Manda, karibu kiasi kwamba mbwa wa kule akibweka sisi tunajua amembwekea nani. Mzungu mmoja alikuwa amejenga huko nyumba za wageni za makuti, na alikuwa na mashua ya injini aliyoikodisha, pamoja na nahodha wake, kwa watu waliotoka mbali kuja kuvua samaki ambao hawakukusudia kuwala. Jambo hili la mwisho liliishinda Shela nzima. Mtu anatoa fedha zake, anakaa juani tangu asubuhi, anavutana na sulisuli mpaka viganja vinatoka malengelenge, anapigwa picha naye, kisha anakwenda kula kuku. Sulisuli anabaki kwa mabaharia.

Nahodha huyo alikuwa Mjomba Lali, ndugu wa mama wa tumbo moja. Kwa hiyo mabaki ya mchezo wa wageni yalikuwa chakula chetu sisi na jirani zetu, na wenyewe hatukuona aibu, maana sulisuli mmoja akikatwa vizuri hulisha mtaa.

Mzungu alikuwa na desturi yake. Mashua ikipata sulisuli, hurudi na bendera ya buluu juu ya mti mrefu uliosimamishwa nyuma, ili walioko pwani wajue kabla haijafika. Kwa wageni ilikuwa ni kujivuna kidogo. Kwa wanawake wa Shela ilikuwa ni barua. Mama ndiye aliyezishona bendera zenyewe, na adhuhuri ikikaribia ungemsikia akiuliza kutoka jikoni, "Mjomba wako yuaya na nini?" nami juu ya nyumba nikijibu, "Yuna moya," yaani anaye mmoja. Basi habari hiyo hupita ukuta kwa ukuta, na katika nyumba tano sita wanawake huketi juu ya mbuzi wakaanza kukuna nazi. Bendera isipoonekana, nazi hurudi kapuni na kunde hubandikwa jikoni. Baadaye nimefanya kazi na magazeti na redio, na sijaona chombo cha habari kilichoaminiwa kama kijiti kile.

Kazi ya kutazama bendera ilikuwa yangu, na ndiyo iliyoniharibu. Kila siku ya neema mambo yalikuja kwa mpango ule ule: kwanza naona bendera, kisha samaki anafika. Sikuwahi hata siku moja kuona samaki kabla ya bendera. Kwa hiyo, kwa mantiki ambayo chuo kikuu kilikuja kutumia miaka mitatu kuirekebisha, niliamini kwamba bendera ndiyo inayomleta samaki. Nilidhani sulisuli walio chini wakiinua macho wanajiona juu kule, weupe juu ya buluu, wanavutika kufuata kama sisi watoto tulivyofuata ngoma. Na siku ambazo mashua ilirudi bila kitu, nilijua Mjomba amesahau kupandisha bendera. Nilimpenda sana Mjomba Lali, lakini nilishangaa jinsi mtu mwenye akili kama yeye anavyoweza kusahau jambo dogo hivyo, tena mara kwa mara. Sikumwambia. Niliona ni utovu wa adabu.

Wakati huo Mjomba alikuwa amevuka miaka thelathini bila mke, na moyo wake ulikuwa Mkomani, mtaa wa Lamu mjini, kwa Mwanaesha, binti wa Bwana Shekuwe muuza nguo. Mimi Mwanaesha nilimjua, kwa kuwa mama akienda dukani kwao kununua kitambaa, yeye alikuwa akinichukua ndani akinisuka. Alisuka bila kuvuta. Kwangu mimi, niliyekuwa nasukwa na dada zangu kama mtu anayeng'oa mihogo, hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote anazoweza kuwa nazo mwanamke. Niliona wazi kwamba Mjomba akimuoa Mwanaesha, kichwa changu kimepata amani ya maisha.

Tatizo lilikuwa Bwana Shekuwe. Posa ilipopelekwa hakusema ndiyo, wala hakusema la. Alisema amesikia kazi ya Lali ni kuwatembeza watu majini.

"Mwanamume mzima kutwa yuko na fito za kuvulia na watu wa kofia," aliwaambia wazee waliotumwa. "Akirudi mikono mitupu, yuwasema wageni wamefurahi. Na mwanangu nae atakula furaha?"

Wazee walirudi Shela wakayarudia maneno hayo barazani, kila mmoja akimwigiza Bwana Shekuwe kwa sauti yake, mpaka ikabidi mama awanyamazishe kwa kahawa. Mjomba alisikiliza hadi mwisho.

"Mwambieni aye Jumapili, ale kwetu adhuhuri," akasema. "Atakula samaki niliyemvua asubuhi hiyo hiyo. Si wa sokoni, si wa yana."

"Lali," mama akasema, "bahari si kabati lako."

"Msimu wenyewe huu, dada. Wiki hii sikurudi mtupu hata siku moya."

"Hayo wamwambia nani, mimi au Mola wako?"

Bwana Shekuwe alikubali kuja. Kila mtu alielewa kwamba anakuja kutazama, na kwamba jibu la posa litatoka baada ya mikono kunawiwa.

Jumapili hiyo mashua ilikuwa imekodishwa na afisa mmoja wa serikali kutoka bara, Mkikuyu wa chini ya Mlima Kenya, aliyeletwa Lamu kwa kazi ya miezi michache. Idara yake sikuijua. Kwetu sisi watoto serikali ilikuwa mtu mmoja aliyevaa soksi ndefu. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuikodi mashua ile, na Mjomba aliliona jambo hilo kuwa kubwa. Alipiga pasi shati. "Yeo twampeleka mwenye nti," alimwambia Kombo, fundi wake wa injini, na Kombo, aliyekuwa na ndevu za mvi na mzaha usiokwisha, akajibu kwamba mwenye nchi huyu naye asije akatapika kama wale waliomtangulia.

Mke wa Bwana Afisa, Mama Nyambura, alitaka kwenda pia. Mjomba hakupenda mwanamke awe peke yake majini na wanaume watatu, lakini mama na dada zangu walikuwa wamezama katika mapishi. Ndipo ikaamuliwa niende mimi nikae naye. Nilikuwa na miaka minane, nilivaa gauni la Idi, na nilijiona kama nahodha wa pili.

Bwana Afisa alikuja na ufito wake mwenyewe, mwembamba kama unyasi, ndani ya mfuko wa kijani. Alisema ameununua kwa mlowezi aliyekuwa anafunga virago.

"Huu wavulia samaki gani, Bwana?" Mjomba aliuliza kwa adabu.

"Trauti. Kwetu mto unatoka juu kabisa, kwa barafu. Nikiwa kijana nilikuwa nabebea Mzungu mifuko. Yeye anavua, mimi naangalia. Hatukuruhusiwa kuvua ule mto. Sasa navua mimi."

"Na chambo chake?"

"Nzi."

"Inzi?"

"Si nzi wa kweli. Tunamtengeneza kwa manyoya ya jogoo."

Mjomba alimtazama Kombo, Kombo akamtazama Mjomba. "Na huyo samaki yuwala? Manyoya?"

"Anakula sana."

"Subhanallah," Mjomba akasema, na nikajua hajasadiki hata neno moja, ila amemhurumia samaki huyo. "Ni mkubwa?"

Bwana Afisa akaonyesha kwa mikono. Trauti huyo alikuwa na ukubwa wa samaki ambao sisi tunawatumia kuwa chambo. Kombo akainama haraka, akaingiza kichwa ndani ya injini, akakaa huko kitambo.

Tulitoka nje ya mlango wa bahari, tukaanza kukokota chambo nyuma ya mashua, tukienda na kurudi sambamba na vilima vya mchanga vya Shela. Fito kubwa za Mzungu zilisimama mahali pake, mishipi imenyooka, na hakuna kilichoivuta. Jua likapanda. Bwana Afisa alikaa katika kile kiti cha wavuvi, akayatazama maji kwa subira ya mtu aliyezoea mafaili. Mama Nyambura alifungua kikapu, akala viazi vitamu na mayai ya kuchemsha, akaniuliza majina ya ndege, akasema bahari ni nzuri, inafanana na mashamba ya ngano yakipigwa na upepo. Mimi, mtoto wa Shela, mjukuu wa mabaharia pande zote mbili, nilitapika. Nilitapika kwa utaratibu, kila mzunguko mara moja, na mama huyu wa bara, ambaye hadi mwezi uliopita hakuwa amewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo, alinishika paji la uso kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akaendelea kula yai.

"Pole, mtoto," alikuwa akisema. "Hata mimi gari ya kuja ilinifanya hivyo."

Nilimsikia Mjomba akimwambia Kombo, si kwa sauti kubwa, "Mzunguko mmoya zaidi, kisha twarudi."

Kombo akasema, "Saa hii Bwana Shekuwe yuwapanda punda."

Mjomba alikuwa amesimama mbele, kwenye usukani, na shati lake la pasi lilikuwa limeloa mgongoni. Sikuwahi kuuona mgongo wake ukiwa na hofu. Ndipo nikageuka nikautazama ule mti mrefu wa nyuma, na nikaona kilichokosekana. Haukuwa na kitu. Siku kama hii, Mwanaesha akiwa Mkomani anasubiri, na mjomba wangu amesahau tena.

Bendera zilikuwa katika debe la biskuti chini ya benchi. Bwana Afisa alikuwa amesinzia na kofia usoni, Kombo alikuwa na injini yake iliyoanza kukohoa, na turubai la kivuli lilimkinga Mjomba asione nyuma. Nikachukua bendera moja, nikaifunga kwenye kamba jinsi nilivyojua, nikavuta mpaka ikafika juu. Mama Nyambura alinitazama mwanzo hadi mwisho, akatabasamu. Ilijikunjua, buluu na nyeupe, nami nikatazama maji nikingoja samaki waione. Nikajilaza miguuni kwa Mama Nyambura, nikalala.

Yaliyofuata nimeyapata kwa kusimuliwa. Mzunguko ule wa mwisho haukuleta kitu. Wakati wa kurudi, Bwana Afisa, aliyeamka amenuna, aliomba wasimame kidogo kwenye miamba ya Manda ajaribu ufito wake. Mjomba hakuwa na muda hata wa kupiga chafya, lakini mgeni ni mgeni. Wote watatu wakaenda mbele, Bwana Afisa akarusha lile nyoya lake la jogoo, na mbele ya macho ya Mjomba, samaki mmoja aina ya changu, mwekundu, asiyezidi kiganja, akalila. Kombo alisema baadaye kwamba Bwana Afisa alishangilia kama mtu aliyepandishwa cheo. Mjomba alilishika lile nyoya akaligeuza geuza, akasema hajui tena la kuamini duniani.

Mimi niliamshwa na vigelegele. Tulikuwa tumeingia mlangoni, Shela iko mbele yetu, na ufuoni kulikuwa na watu kana kwamba anaingia bibi harusi. Wanawake walikuwa juu ya nyumba zao wakipunga kanga. Moshi ulikuwa unatoka katika kila jiko. Katikati ya ufuo, katika kanzu nyeupe na bakora ya kupambwa, alisimama Bwana Shekuwe, na kando yake mama, mikono imeganda tui mpaka kwenye viwiko.

"Wamepatwa na nini hawa?" Mjomba akauliza.

Kombo alikuwa wa kwanza kuinua kichwa. "Lali," akasema, "inua mato."

Mjomba akainua macho. Bendera ilikuwa juu, imetulia, imepigwa na jua, inaonekana mpaka Mkomani.

"Nani?" alisema, lakini hapakuwa na wakati wa kujibiwa. Tulikuwa tunagusa mchanga.

Kombo akamsogelea. "Sema samaki amebaki kwa Mzungu, yuwapigwa picha," alinong'ona. "Mimi nikimbie mjini nitafute nguru. Nusu saa. Hapana atakayeyua."

Nilikuwa karibu nao kiasi cha kuusikia uwongo huo, na niliuona ni mzuri sana. Hata leo, kwa mtu wa taaluma yangu, nauona ni mzuri. Ulikuwa tayari, ulikuwa na picha ndani yake, ulikuwa na Mzungu. Mjomba alikuwa anahitaji tu kufungua kinywa. Alimtazama Bwana Shekuwe, akaitazama ile bendera, kisha akaruka ndani ya maji yaliyomfika magotini, akatembea hadi ufuoni. Mkononi alikuwa ameshika yule changu kwa mkia.

"Karibu, Bwana Shekuwe," akasema. "Hatukupata kitu. Samaki ni huyu, na huyu nae ni wa mgeni wangu."

Vigelegele vilikatika katikati. Kimoja tu kiliendelea, cha bibi mmoja asiyesikia vizuri, mpaka mjukuu wake akamgusa.

"Na bendera?" Bwana Shekuwe akauliza.

"Bendera ni ya uwongo. Siyui imepandaye."

Hapo nikasikia nyuma yangu Mama Nyambura akishuka, viatu mkononi, akiinua gauni. "Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliweka ile bendera juu. Pole sana, wazee. Sikujua ni ya kazi gani."

"Mama ni mgeni, hana makosa," Mjomba akasema bila kugeuka. "Chombo ni changu. Kilicho juu yake ni changu pia."

Mama yangu hakuwa anawatazama wao. Alikuwa ananitazama mimi. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Hukugusa kitu?"

"Si mimi," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza kuusema, na ulinitoka laini kama halua.

Nyumba sita zilikuwa zimepika wali wa nazi wa kushiba mtaa, na hapakuwa na kitoweo. Lakini wanawake wa Shela si watu wa kushikwa mikono mitupu mara mbili. Kunde zilirudi motoni, mmoja akaleta papa mkavu, mwingine achari ya maembe, na wageni waliingia wakaketi. Mjomba alimkaanga changu mwenyewe, akamweka juu ya sahani peke yake, akamtengea Bwana Afisa. Bwana Afisa akamgawa kwa kisu vipande vidogo kama dawa, akampa kila mtu kimoja, na Bwana Shekuwe akala cha kwake polepole huku akielezwa jinsi samaki huyo alivyopatikana, maana Bwana Afisa alilazimika kurudia habari ya nyoya mara tatu.

"Manyoya ya kuku," Bwana Shekuwe alisema. "Na sisi kutwa twahangaika na dagaa."

Baada ya kunawa alifuta vidole kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, kichwa changu na mustakabali wake wote ukiwa mikononi mwa mzee yule.

"Lali," akasema mwisho, "nimewayua wavuvi maisha yangu yote. Kila mmoya wao samaki amemponyoka, tena mkubwa. Wewe yeo umerudi na bendera juu, watu wapiga vigelegele, na yule mwenzako nilimuona akikunong'oneza, nami ni muuza nguo, nayua mtu akinong'onezwa bei. Ungenambia lolote ningelila." Akachukua bakora yake. "Mwanangu atakula anachokula mume wake. Kikiwapo. Ila samaki wa harusi atanunuliwa sokoni. Hilo ni sharti."

Harusi ilifanyika, na samaki alinunuliwa sokoni. Mwanaesha alihamia Shela, akanisuka bila kuvuta mpaka nilipokwenda bweni, na Mjomba aliongoza mashua ile mpaka Mzungu alipoondoka, kisha akaongoza nyingine. Bwana Afisa alihamishwa kabla ya mwaka kwisha. Hadithi ya bendera ya mke wa afisa ilibaki. Ilisimuliwa katika kila harusi na kila mkesha wa familia yetu, na kila iliposimuliwa mama aligeuka akanitazama, nami nikasema si mimi, na watu wakacheka wakidhani ni sehemu ya hadithi.

Lakini mimi nilijua ninachokijua. Mama Nyambura aliniona. Alinitazama kwa macho yake nikivuta ile kamba, kisha akashuka majini mbele ya ufuo mzima wa watu asiowajua, akaubeba mzigo wangu. Mwanamke wa dini nyingine, wa kabila jingine, ambaye hakunijua hata nusu siku. Nilikua nikimfikiria. Nimewahi kuandika makala nzima kuhusu watu wanaojitwika lawama za wengine, ikasifiwa, na mfano wake mkuu, bila jina, alikuwa yeye. Mwandishi mwenyewe wa makala hiyo, ukimuuliza nani alipandisha bendera, bado angekwambia si yeye.

Nilipokwisha kukipata kile kitambaa nilirudi kazini chuo kikuu, ninakofundisha uandishi wa habari, na siku moja katika chumba cha walimu nikakieleza, pamoja na sehemu ya hadithi isiyonihusu, kwa mwenzangu mmoja mgeni wa idara. Aliacha kunywa chai. Akasema baba yake, aliyekwisha kufariki, alikuwa na picha ukutani, amesimama Lamu na samaki wa ukubwa wa kijiko, na kwamba yeye mwenyewe wakati huo alikuwa ameachwa kwa nyanya yake. Jina la mwenzangu huyu ni Nyambura. Mama yake yu hai, ana simu, na anapenda kupigiwa asubuhi kabla hajaenda kukamua.

Nilipiga asubuhi ya Jumamosi. Nilikuwa nimeyaandika maneno yangu kwenye karatasi, kama mtu anayekwenda kuhojiwa.

"Mama, mimi ni yule mtoto wa Shela. Yule aliyekutapikia viatu."

"Ai," sauti ikasema, nzee lakini pana. "Wewe bado uko?"

"Bado niko. Mama, nimepiga kukuomba msamaha. Ile bendera niliipandisha mimi, na wewe ukasema ni wewe. Nimekuwa na deni lako miaka yote."

Nilisikia kuku, na redio mbali.

"Uliipandisha, ndiyo," akasema. "Nilikuona. Ukafunga kama mtu anafunga kamba ya kiatu, ukalala. Ikaanguka hapo hapo. Ikaingia kwa maji, nikaivuta."

"Ikaanguka?"

"Ikaanguka. Baadaye wanaume wakawa mbele na samaki ya mzee wangu. Mimi nikaangalia ile kitu nikasema, mzee kila mahali anaenda kuna bendera ya kumpokea, na hawa watu wa Lamu wamemwekea ya kwao, na sasa imeanguka, na tunakaribia watu. Itakuwa aibu. Nikaikamua, nikaipandisha tena, nikafunga vizuri. Mimi nimefunga ng'ombe tangu nikiwa mdogo kama wewe."

Niliikunja karatasi yangu.

"Kwa hiyo uliposema ni wewe..."

"Si ilikuwa ni mimi? Na nilisema haraka kwa sababu uliniona. Ulikuwa umelala hapo chini, lakini macho yalikuwa wazi. Nikajua huyu mtoto atasema, heri niseme mwenyewe mbele. Halafu mama yako akakuuliza, na wewe hukunitaja. Ukasema si wewe, ukaishia hapo. Nimekuombea kanisani miaka mingi. Mtoto mdogo, kuficha siri ya mtu mkubwa namna hiyo."

"Mama," nikasema, "nilikuwa nimelala kweli."

"Na macho wazi?"

"Ndivyo ninavyolala. Mpaka leo. Mume wangu hulalamika."

Kwa mara ya pili nikasikia kuku.

"Kumbe ningenyamaza tu," akasema.